Kiuno kimoja, watu sita: uchambuzi wa kisa cha mama lishe wa Tanga

Alikuja Julai 2024, ameshikwa mkono na binti yake, akakaa kwa upande mmoja wa tako na mkono ameushikilia kwenye ukingo wa meza. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kiuno kimenimaliza." Ana miaka 52, anapika chakula karibu na stendi ya mji mmoja mdogo mkoani Tanga. Mimi ni mfiziotherapia, mtaalamu wa kutibu kwa mazoezi ya viungo, wa hospitali ya wilaya. Nimebadilisha mambo machache asitambulike, na mwenyewe ameniruhusu nikieleze kisa chake.

Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja: maumivu sugu ya kiuno, apewe mazoezi. Kitabibu, maumivu huitwa sugu yakidumu au yakirudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu. Yake yalikuwa na miaka sita.

Siku hizi tunapenda kuzungumzia kuunganisha tiba: dawa, mazoezi, ukandaji, ushauri wa nafsi, vyote kwa mgonjwa mmoja. Tunazungumza kana kwamba ni jambo jipya tunalokwenda kumletea mgonjwa. Mama huyu alikuwa na watu sita wanaokitibu kiuno chake kwa wakati mmoja: tabibu wa zahanati, muuza duka la dawa, bibi mkandaji, muuza unga wa mizizi, mpiga chuku anayechanja na kunyonya damu, na sheikh aliyemwandikia kombe, yaani aya zinazoandikwa na kuoshwa kwa maji ya kunywa. Tiba alikuwa nazo tele. Ila hakuna hata mmoja kati ya hao sita aliyejua kwamba wengine wapo.

Kikapu

Nilimwomba arudi na kila anachotumia, hata kile anachodhani sitakipenda. Akarudi na kikapu cha ukili, tukakimwaga mezani. Kulikuwa na vidonge vya aina mbili, majina tofauti, pakiti tofauti. Aina moja alipewa zahanati, nyingine aliuziwa dukani kwa kuwa "ya kwanza imezoea mwili". Nilipozigeuza pakiti, nyuma zote mbili zilisema diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, miligramu 50. Alikuwa akimeza kimoja kimoja cha kila aina asubuhi na jioni, kwa hiyo miligramu 200 kwa siku, wakati mtu mzima hatakiwi kuvuka 150. Na kila Ijumaa alichomwa sindano dukani. Nayo ilikuwa diklofenaki, miligramu 75.

Kulikuwa pia na unga wa mizizi kwenye kopo la kahawa, chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, chupa ya kombe, mkanda wa kiuno uliochakaa kwa kuvaliwa miaka mitatu, na picha ya eksirei iliyokunjwa mara nne.

Nikampima presha: 168 kwa 98. Hakuwahi kuambiwa ana presha. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, na vipimo vya damu vilipotoka vilionyesha figo zimeanza kuelemewa, si sana, lakini zimeanza. Diklofenaki ikitumika muda mrefu hupandisha presha, hukwangua utando wa tumbo na kupunguza damu inayofika kwenye figo. Kiungulia alichokuwa akikitibu kwa maziwa kilikuwa na chanzo chake humo kikapuni.

Tulipiga na hesabu ya fedha. Sindano nne kwa mwezi, 12,000. Vidonge, 9,000. Bibi mkandaji, 12,000. Unga, 15,000. Jumla shilingi 48,000 kila mwezi, bado chuku na nauli, kwa mwanamke anayeuza sahani ya wali maharage.

Inakuumaje?

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya maumivu, na sisi wa hospitali tunaiacha ipotee bure. Tunauliza "wapi?", tunauliza "kuanzia sifuri mpaka kumi?", tunaandika namba na kumwita mwingine. Swali ninaloliamini mimi ni "inakuumaje?", kisha ninyamaze. Jino hupwita. Tumbo hunyonga. Ubavu huchoma, ndiyo maana tukapata kichomi. Jipu hufukuta. Kichwa hugonga. Mguu huwaka moto, hufa ganzi, hutembewa na sisimizi. Kila neno lina mahali linapoelekeza, na mgonjwa akiachiwa nafasi huchagua lile linalostahili.

Mama huyu alisema kiuno chenyewe "kinakaza, kama kamba iliyolowa maji". Kisha akapitisha kiganja kwenye mguu wa kulia, kutoka takoni mpaka upande wa nje wa kigimbi: "Huku unapita moto. Na vidole hivi viwili sivisikii vizuri." Hayo ni maumivu mawili ndani ya mwili mmoja. Moja ni la misuli na viungo vilivyokaza, jingine ni la mshipa wa fahamu uliokereketwa. Huo moto wa mguuni diklofenaki haiufikii vizuri, hata dozi iongezwe vipi, naye alikuwa ameiongeza kwa miaka.

Kabla ya kwenda mbali nilimuuliza yale ambayo mgonjwa yeyote wa mgongo lazima aulizwe. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kikohozi, maana kwetu kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili za mgongo. Kama amewahi kuwa na saratani. Kama anashindwa kuzuia mkojo au choo, kama ana ganzi mahali anapokalia, kama miguu inazidi kulegea siku hadi siku. Jibu la ndiyo kwa mojawapo lingempeleka hospitali ya rufaa badala ya kwenye kitanda changu cha mazoezi. Majibu yote yalikuwa hapana.

Ikabaki ile eksirei. Miaka minne kabla, mtu mwenye koti jeupe aliishikilia mbele ya dirisha akamwambia, "Mama, pingili zako zimesagika." Nimelisikia neno hilo kwa wagonjwa wengi kiasi kwamba naona ni lazima tuliache. Kwa mpishi, kusagika kuna picha moja tu: mahindi yaliyosagwa hayarudi kuwa mahindi. Tangu siku hiyo aliacha kuinama. Aliacha kuokota kitu chini, aliacha kumbeba mjukuu, akawa anageuka mwili mzima kama mlango. Misuli ya mgongo ikadhoofika kwa kutotumika, na kila alipojaribu kidogo ikauma, naye akaona ndiyo uthibitisho kwamba kuna kitu kinasagika ndani.

Nilimweleza jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za migongo ya watu ambao hawaumwi mgongo kabisa. Kwa wenye umri wa miaka 50, takriban 80 katika kila 100 walikuwa na diski, vile vitenganishi laini kati ya pingili, zilizochakaa, na 60 walikuwa na diski iliyotuna. Hawaumwi, wanalima, wanabeba watoto. Mgongo hupata mvi kama kichwa.

"Kwa hiyo wengine nao wako hivi na hawajui?"

"Ndiyo, mama."

Alinyamaza kwa muda. Nikatumia mfano wa kazi yake: mtu aliyeungua mkono kwa mafuta, kidonda kikafunga, ngozi ikarudi, lakini mkono bado unashtuka ukikaribia mvuke tu. Kidonda hakipo, na mshtuko ni wa kweli, wala hakuna anayesema anajifanya. Maumivu yaliyokaa miaka hufanya hivyo kwenye uti wa mgongo na ubongo. Mwili hujifunza kulinda, kisha hulinda kupita kiasi. Ndiyo sababu tiba moja peke yake, hata iwe nzuri, mara nyingi haitoshi: kuna misuli ya kurudishiwa nguvu, kuna mshipa wa fahamu wa kutulizwa, kuna hofu, kuna usingizi, na kuna yale ya nyumbani yanayouchokoza mwili kila siku.

Nikamuuliza anataka nini. Nilitegemea aseme kupika. "Nataka nisali chini," alisema. Kwa miaka miwili alikuwa akisali kwenye kiti. Dini inamruhusu, na sheikh alishamtuliza kwa hilo, lakini moyo ulikuwa haujakubali. "Kwenye kiti naona kama nimekaa barazani."

Daftari

Nchi zenye uwezo zina kliniki za maumivu ambamo daktari, mfiziotherapia na mwanasaikolojia hukaa meza moja. Wazo hilo linahusishwa sana na John Bonica, daktari wa nusu kaputi mzaliwa wa Italia aliyekulia Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipewa kazi ya kutibu maumivu ya askari katika hospitali ya jeshi huko Tacoma, akakuta wapo asiowaweza peke yake, akaanza kukaa na wenzake wa fani nyingine kuwajadili mmoja mmoja. Alikuwa amejilipia masomo kwa kucheza mieleka, na majeraha ya mieleka yalimuuma maisha yake yote.

Sisi hatuna kliniki hiyo. Tulinunua kaunta buku lenye jalada gumu. Sharti likawa kila anayeugusa mwili wa mama, au anayempa kitu cha kumeza, aandike humo tarehe, alichofanya na alichotoa. Asiyeandika ataandikiwa na binti, aliyekuwa kidato cha tatu na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Ukurasa wa kwanza tuliandika maneno mawili tu: Kusali chini.

Daktari alisimamisha diklofenaki yote na sindano, akamwanzishia dawa ya presha na amitriptilini, dawa ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, nusu ya kidonge cha miligramu 25, usiku. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa huduma za ngazi ya msingi, na mwongozo huo haupendekezi dawa ya aina hii itolewe kama mazoea kwa kiuno cha kawaida. Daktari aliitoa kwa sababu ya moto wa mguuni na usingizi uliokuwa umekimbia, kwa dozi ndogo, na akamwonya juu ya kinywa kukauka na choo kuwa kigumu. Naona aliamua vizuri. Mwongozo huo huo unaunga mkono elimu, mazoezi, ukandaji na msaada wa kisaikolojia, na unasema mkanda wa kiuno usitumike kama mazoea. Mkanda tuliuacha taratibu, saa moja moja kwa siku, kwa sababu ulikuwa umeshakuwa kama ngozi yake.

Unga wa mizizi ulikuwa mgumu zaidi. Sikuwa na ushahidi kwamba ni mbaya, wala hakuna aliyejua kilichomo. Figo zikiwa zimeelemewa, kitu kisichojulikana kilichomo ni hatari ya kutosha, na kumewahi kupatikana unga wa namna hii sehemu mbalimbali duniani uliochanganywa na dawa za hospitali kisirisiri. Alikubali kuuacha miezi miwili aone. Chuku aliacha mwenyewe alipojua mpigaji hakuwa akibadilisha wembe. Kombe na dua viliendelea. Sheikh ndiye aliyekuwa wa kwanza kumhimiza aende hospitali.

Kwa bibi mkandaji nilikwenda mwenyewe, Jumamosi, na kilo ya sukari. Nilikaa kwenye mkeka nikamtazama anavyofanya kazi. Kabla sijamweleza lolote, kidole chake gumba kilitua katikati ya tako la kulia, akasema, "Hapa ndipo panapotuma moto." Ni pale pale nilipokuwa nimepaandika kwenye faili. Mikono ile ina miaka arobaini ya kazi. Tulikubaliana aendelee kukanda mara moja kwa wiki, asimkanyage mgongoni kwa miguu, asimchanje chale, na akimaliza asimwache alale: amsimamishe watembee naye mpaka mwembeni na kurudi. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. "Mwili ukishalainika ukalala, unakaza upya."

Mazoezi yangu niliyajenga juu ya sala. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, maana yake rukuu 17 na sujudu 34 kwa siku. Ni kuinama na kuinuka kwa mpangilio, kila siku ya Mungu, bila kukumbushwa na mtu. Tulianza na viganja juu ya meza. Kisha juu ya kiti. Kisha kupiga magoti na kuegemea mito mitatu, halafu miwili. Kutembea tulianza na dakika nne, ndizo alizoweza, tukawa tunaongeza dakika moja kila baada ya siku tatu, iwe anajisikia vizuri au vibaya.

Halafu kuna jikoni. Nilichelewa kwenda kuona anapofanyia kazi, na ninajuta, kwa sababu dakika ishirini pale zilinifundisha kuliko miezi miwili ya kliniki. Sufuria tatu juu ya mafiga, chini kabisa. Ndoo za maji kutoka bombani. Na mbuzi ya kukunia nazi: kila alfajiri alikuwa akikaa juu yake, magoti yamepanda kifuani, mgongo umekunjwa, anakuna nazi sita kabla ya adhana. Hata kiuno cha kijana kingelalamika. Nazi zikahamia kwenye mashine ya sokoni, ndoo kwa kijana wa mkokoteni, na mwashi wa mtaani akajenga jiko la matofali linalofika kiunoni. Akapika amesimama wima kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara.

Kilichobaki alikigundua muuguzi wa afya ya akili. Mama alikuwa akisema "nina mawazo", nami nikiandika "ana mawazo", basi. Muuguzi aliuliza mawazo gani. Yakatoka: mkopo wa kausha damu wa shilingi 300,000, marejesho kila siku. Kwa miezi miwili nilikuwa nikimwambia apumzike mchana, alale chali robo saa, naye ananiitikia "sawa dokta". Hakuwahi kuniambia kwamba mkusanyaji hupita saa nane mchana, na asipomkuta kwenye meza yake humsema mbele ya wateja. Mtu wa namna hiyo utamfundishaje kulegeza mabega? Kikoba chake kilimkopesha akalifuta deni lote mara moja, akawa anarejesha kwa wiki, kwa wanawake anaowajua. Usingizi ulianza kurudi wiki hiyo hiyo. Amitriptilini alikuwa ameshaitumia kwa wiki nyingi kabla ya hapo.

Oktoba

Tulipofika mwezi wa tatu alijisikia vizuri, akakubali kupika pilau la harusi. Sufuria mbili kubwa, usiku kucha, mwiko mrefu, kuinama na kugeuka. Asubuhi hakuweza kushuka kitandani. Alikwenda dukani akachomwa sindano, na kesho yake nyingine.

Mimi sikujua kwa wiki mbili. Daftari lilikuwa na kurasa tupu, na alipokuja alisema alilisahau. Binti ndiye aliyenieleza mlangoni, kwa sauti ya chini. Nilipomuuliza mama kwa nini amenificha, alitazama chini. "Ulinigombeza ile siku ya kikapu." Ni kweli nilimgombeza. Niliona zile pakiti mbili nikapandisha sauti, nikasema "unajiua mwenyewe". Nilidhani ninamjali. Alichojifunza siku ile ni kwamba kwangu kuna mambo ya kusema na mambo ya kuficha, na tiba zote hizi haziwezi kukutana kama mgonjwa anamwogopa mmoja wa wanaomtibu. Nilimwomba radhi, mbele ya binti yake.

Kisha tukaandika kwenye daftari ukurasa wa siku mbaya, kwa sababu siku mbaya zitakuja. Siku ya kwanza: maji ya moto kwenye chupa kiunoni, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa na daktari, kulala kwa ubavu na mto katikati ya magoti, lakini kila saa asimame atembee chumbani. Siku ya pili: arudi kwenye nusu ya matembezi yake. Siku ya tatu: bibi. Ukurasa huo umetumika mara tatu tangu wakati huo, na hakuna sindano iliyochomwa.

Kilichofanya kazi

Nimeulizwa na wenzangu ni tiba ipi hasa iliyomsaidia. Siwezi kuzitenganisha, na mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha jambo la kisayansi. Lakini nina maoni yangu. Kuondoa diklofenaki kulilinda figo, hakukupunguza maumivu. Wiki mbili za mwanzo aliumwa zaidi. Jiko na deni naviweka mbele ya mazoezi yangu, ijapokuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouzwa duka la dawa. Mikono ya bibi haikuondoa ugonjwa, ila ilimpa siku moja kila wiki ya kutembea bila woga, na woga ndio uliokuwa umemfunga. Lile neno "kusagika" lilichukua muda mrefu kung'oka kuliko vyote. Hata Januari alikuwa bado akiniuliza, kwa namna tofauti, kama nina hakika.

Kufikia Februari 2025 presha ilikuwa 134 kwa 82. Damu ilionyesha figo hazijazidi kuharibika, ingawa hazijarudi kama zamani, na tunapima tena kila baada ya miezi mitatu. Moto wa mguuni huja mara chache. Vidole viwili bado vina ganzi kidogo. Anatembea dakika thelathini na mbili. Matumizi yake kwa mwezi, pamoja na bibi na dawa za presha, hayafiki nusu ya zile 48,000. Maumivu ya kiuno, ambayo Julai aliyapa nane kati ya kumi, huwa kati ya nne na tano, na siku nyingine sita.

Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi. Kwenye mito tulikuwa tumebakiza mmoja, na nilikuwa nimempangia tuuondoe baada ya Idi, nikihofia tarawehe zitamchosha. Alikuja kliniki wiki ya pili ya mfungo, akaweka daftari mezani, hakusema kitu. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko wa binti, kalamu ya bluu: "Jumapili. Mama kasali Isha chini, bila mto. Kainuka mwenyewe. Kiuno 5."